Kimya cha Walioambiwa: Mganga wa Kujitawaza na Suala la Uwajibikaji

Panapozuka mjadala juu ya mganga dhalimu, swali linaloulizwa kwanza huwa lilelile: je, huyu ni mganga wa kweli au ni laghai? Swali hili ni kongwe. Ndilo lililoitawala tashtiti inayowahusu watu wa dini na wa tiba katika fasihi nyingi, na ndilo lililopenya hata katika vitabu vya sheria. Makala haya yanadai kwamba ni swali baya. Ubaya wake hautokani na kukosa jibu. Unatokana na kwamba jibu lolote litakalotolewa humwachia mganga upenyo. Akionekana kuwa wa kweli, dhuluma yake huhesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Akionekana kuwa laghai, aliyedhulumiwa hugeuka kuwa mjinga aliyelaghaiwa, na wajinga, kama tujuavyo sote, ndio waliwao. Kwa vyovyote vile anayepaswa kujibu hajibu.

Sheria ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa hulazimika kutamka wazi kile ambacho jamii hupenda kukisema kwa mafumbo. Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1925, inamlenga mtu anayejidai kuwa na nguvu zipitazo za kibinadamu kwa namna ya kuwatia watu hofu au kuwadhuru. Uzito wote umetupwa kwenye neno 'anayejidai'. Mtungaji wa kikoloni hakujishughulisha sana na yaliyopita baina ya mganga na mgonjwa wake. Kilichomkera ni madai. Linganisha na mabadiliko yaliyotiwa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Humo mganga wa kienyeji anatajwa waziwazi miongoni mwa watu wanaoweza kuitumia nafasi yao kumbaka msichana au mwanamke aliyewaendea kwa ajili ya tiba, naye kiongozi wa dini anatajwa baada yake. Sheria hii haiulizi kama mizizi inaponya au haiponyi. Inaichukua nafasi ya mganga kuwa ni mamlaka, kama ilivyo ya askari au ya mtumishi wa hospitali, kisha inataka kujua mamlaka hayo yametumiwaje. Kati ya sheria hizi mbili mna miaka 73, na mna pia hatua kubwa ya kimaadili ambayo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili haujaipiga bado.

Kiini cha tatizo hakimo katika dawa; kimo katika masharti. Kila tiba ina masharti yake, hata ile ya hospitalini: kidonge humezwa baada ya chakula, kidonda hakitiwi maji. Lakini sharti la mganga wa kujitawaza lina sura yake ya pekee. Kwanza huulenga ulimi. Mgonjwa asimwambie mtu alichoambiwa wala alichofanyiwa, asije akaiharibu dawa. Pili, haliwezi kutimizwa kwa ukamilifu. Aliyekatazwa kuogopa ataogopa. Aliyekatazwa shaka atashuku, walau usiku mmoja. Kwa hiyo tiba inaposhindwa, sababu iko tayari, nayo ni mgonjwa mwenyewe. Hapa uwajibikaji umepinduliwa miguu juu: aliyeahidi hana deni, na aliyelipa ndiye anayedaiwa. Dhuluma inapotokea, iwe ya mwili au ya mali, huingizwa katika hesabu hiyohiyo. Anayesema amevunja sharti, na mvunja sharti hana uso wa kulalamikia matokeo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo humlaumu mgonjwa kwa usiri wake. Haiulizi ni nani aliyemfunza kuficha.

Ni rahisi kuondoka hapa na kuulaani uganga wote, na wamekuwapo waandishi waliofanya hivyo kwa jina la maendeleo. Mila za pwani haziungi mkono haraka hiyo. Tiba ya pepo kama ilivyojulikana Mombasa na Unguja ilikuwa jambo la watu wengi. Ngoma ilipigwa, jamaa waliitwa, pepo akaulizwa jina lake na haja yake mbele ya mashahidi, na madai yake yakajadiliwa kama mahari yajadiliwavyo. Farouk Topan, katika tasnifu yake ya mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha London, alizichunguza nyimbo za pepo za Mombasa ndani ya mazingira yake ya ibada, na tangu hapo imekuwa vigumu kwa mhakiki makini kuziona nyimbo hizo kuwa kelele za ushirikina tu. Kilingeni mgonjwa ana sauti. Kwa kinywa chake mwenyewe, ingawa kwa jina la mwingine, mke anaweza kudai mbele ya mumewe nguo, pete, ubani, na zaidi ya hayo kuangaliwa. Naye mume hana budi kusikiliza, kwani anayesema si mke. Mganga naye alikuwa na mtu wa kumuuliza. Alirithi mkoba kwa fulani au alifunzwa na fulani, na fulani huyo alijulikana kwake na kwa watu wake. Methali isemayo mganga hajigangi kwa kawaida husomwa kama kebehi juu ya udhaifu wa tabibu. Inaweza kusomwa pia kama kanuni ya kazi: mganga ni mgonjwa wa mganga mwingine, na asiye na wa kumganga hana wa kumuuliza.

Haya hayasemwi ili kukipamba kilinge. Humo pia watu waliweza kudhulumiwa, na gharama za ngoma ziliweza kuifilisi nyumba. Tofauti ni kwamba palikuwa na macho. Mganga wa kujitawaza ni yule aliyeyaondoa macho hayo. Hana mwalimu ila ndoto yake, hana wenzake ila wafuasi wake, na sehemu ya tiba yake iliyo nzito kuliko zote hutolewa mlango ukiwa umefungwa.

Fasihi ilimtambua mtu huyu mapema, tena ikamcheka. Tamthilia ya Wole Soyinka iliyochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960, na ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1974 kwa jina la Masaibu ya Ndugu Jero, ina nabii wa ufukoni Lagos anayewaita waumini wake wateja na kuikiria hadhira bila haya kwamba unabii ni biashara. Ustadi wake mkubwa ni kumwacha mteja na njaa. Chume, msaidizi wake, anaomba ruhusa ya kumpiga mkewe; Jero anamnyima, si kwa kumhurumia mwanamke huyo, bali kwa kuwa Chume akisharidhika hatarudi. Siku anapong'amua kwamba mke wa Chume ni Amope, yuleyule aliyeketi mlangoni pake tangu alfajiri akidai pesa za joho la mahameli, ruhusa inatoka papo hapo. Chume naye anapoyafumbua macho na kumkimbiza nabii kwa panga, Jero hakosi dawa: huyu ni mwendawazimu, mahali pake ni hospitali ya vichaa. Mbunge aliyekuwapo anamnyenyekea nabii.

Wahakiki wengi wameisoma tamthilia hii kama hadithi ya werevu wa Jero. Inafaa isomwe upya kutoka pale mlangoni. Amope ndiye mhusika pekee anayedai hesabu, na anaidai kwa maana ya moja kwa moja: ana deni, anataka alipwe, na ameketi mahali ambapo mdeni hana budi kupita. Jero anatoka kwa dirisha. Lakini mtunzi amempa Amope ulimi mkali kiasi kwamba hadhira hushusha pumzi anaponyamaza. Mdai amefanywa kero, na mdeni amefanywa kipenzi cha watazamaji. Yamkini Soyinka alilikusudia hilo ili hadhira ijikute imesimama upande wa nabii bila kujua ilifikaje huko. Kama ndivyo, mtego wake umewanasa wengi, wakiwemo walimu wanaoifundisha tamthilia hii kama ramsa ya kuchangamshia darasa.

Molière alikuwa ameliona jambo hili karne tatu kabla. Katika Tartuffe, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mnafiki, kijana Damis anasikia kwa masikio yake jinsi mcha Mungu wa bandia anavyomtongoza mama yake wa kambo. Hanyamazi, anamwambia baba yake saa ileile. Malipo yake ni kufukuzwa nyumbani na kunyimwa urithi. Orgon haamini hadi anapowekwa chini ya meza na kuyasikia mwenyewe. Tukio hilo huchekesha sana jukwaani, lakini lina jambo zito ndani yake: katika nyumba hii ukweli ulikwisha kusemwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuupokea. Neno la kijana, na la mke mwenyewe, halikuwa na uzito mpaka mwenye nyumba alipogeuka kuwa shahidi wake mwenyewe.

Hapa ndipo tashtiti inapofikia ukomo wake. Huivua nguo sura ya mganga, na hiyo ni kazi ya maana. Papo hapo huwapa wasomaji raha ya kujiona werevu kuliko wahusika, na raha hiyo ina bei. Msomaji aliyemtambua Jero katika ukurasa wa kwanza hawezi kuelewa kwa nini Chume alichelewa, na asiyeelewa kuchelewa kwa Chume hataelewa kuchelewa kwa mwanamke aliyekaa na siri yake miaka ishirini. Atamuuliza: mbona hukusema? Swali hilo lina sura ya huruma, ila kwa kweli ni hukumu.

Nje ya jukwaa hakuna meza ya kujificha chini yake. Kesi iliyofika hadi hukumu, na ambayo kimya chake kinaweza kuhesabiwa kwa miongo, ni ya Abadiânia, mji mdogo katika jimbo la Goiás nchini Brazili. Huko João Teixeira de Faria, aliyejulikana duniani kwa jina la João de Deus, yaani Yohana wa Mungu, alifungua nyumba yake ya tiba mwaka 1976. Ilisemwa kwamba roho za watakatifu na za matabibu waliokufa humwingia na kutibu kwa mikono yake. Wagonjwa waliovaa mavazi meupe walipanga foleni, wengine wakitoka Marekani, Ulaya na Australia. Desemba 2018 wanawake kadhaa walisema katika televisheni ya taifa hilo kwamba aliwadhulumu kimwili kwa jina la tiba. Kwa muda wa siku chache tu malalamiko yalifika mamia. Desemba 2019 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 19 kwa makosa dhidi ya wanawake wanne, na hukumu nyingine zikafuata.

Mfano huu unafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu ya mpangilio wa nafasi zake. Palikuwa na ukumbi, na ukumbini palikuwa na macho mamia. Tiba ya ukumbini ilipigwa picha, ikaandikwa vitabu. Kisha palikuwa na chumba cha faragha, ambamo walalamikaji walisema waliitwa peke yao na kuambiwa kwamba kinachotendeka ni uponyaji. Ukumbi ulikuwa dhamana ya chumba. Mtu aliyeona mamia wakitoka ukumbini na machozi ya furaha angewezaje kumwamini mmoja aliyetoka chumbani na machozi ya namna nyingine? Na mji wenyewe ulijengwa juu ya foleni ile. Nyumba za wageni, teksi, maduka ya nguo nyeupe, migahawa, vyote viliila riziki yake hapo. Hapakuhitajika njama. Ilitosha kila mtu awe na kitu kidogo cha kupoteza, na kila mtu amwachie jirani yake kazi ya kusema.

Waliomtetea walikuwa na hoja moja yenye nguvu: mimi aliniponya. Wahakiki wa mambo haya huikimbilia hoja hiyo kwa kukanusha, wakileta sayansi. Hakuna haja. Na ichukuliwe kwamba aliponya. Uponyaji wa huyu si fidia ya dhuluma ya yule, kwani deni hulipwa kwa mwenye kulidai. Mfanyabiashara hawezi kumwambia Amope kwamba amewalipa wachuuzi wengine wote wa ufukoni.

Kenya haikuhitaji kutazama mbali hivyo kwa muda mrefu. Tangu Aprili 2023 miili ya watu ilianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, hadi idadi yake ikapita 400, wakiwemo watoto wengi. Mhubiri Paul Mackenzie alifikishwa mahakamani mwaka 2024 kwa mashtaka yaliyojumuisha ugaidi, kuua bila kukusudia na mauaji ya watoto, naye akayakana. Hukumu ni ya mahakama, na makala haya hayaitangulii. Hakuwa mganga wa mizizi. Lakini mahubiri yanayowatenga waumini na hospitali na shule humweka mhubiri katika nafasi ileile ya mganga wa kujitawaza, ya kuwa ndiye tabibu na ndiye mwalimu, wala hana wa juu yake. Linalohusu hoja hii ni mambo yaliyotangulia. Mackenzie alikuwa amekamatwa mwaka 2017 kuhusiana na mafundisho yake na watoto waliozuiwa shule. Machi 2023 alikamatwa tena baada ya taarifa za vifo vya watoto, akaachiliwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata makaburi yakaanza kufunguliwa. Kamati ya Seneti iliyotoa ripoti yake Oktoba 2023 ililaumu vyombo vya usalama na vya haki kwa kutozifanyia kazi taarifa zilizokuwapo.

Basi kimya kilikuwa wapi? Watu walisema. Jamaa walisema, majirani walisema. Kauli ya kwamba jamii ilinyamaza inahitaji kusahihishwa: walionyamaza ni walioambiwa. Kusema ni tendo la wawili, kama kukopeshana. Neno lisilopokelewa huhesabiwa kuwa halikutamkwa, kisha aliyelitamka hulaumiwa kwa ububu. Mwanafalsafa Miranda Fricker, katika kitabu chake cha 2007 kuhusu dhuluma inayomfika mtu katika nafasi yake ya mjuzi, anaonyesha jinsi neno la mtu linavyopunguzwa uzito kwa sababu ya hali yake na wala si kwa sababu ya udhaifu wa neno lenyewe. Damis angemwelewa bila mkalimani. Lakini watoto wa Shakahola wanaipita hata nadharia hiyo, kwa kuwa hawakuwa wamefikia umri wa kutoa ushahidi unaoweza kukataliwa.

Lipo pingamizi ambalo haliwezi kupuuzwa. Je, kulegeza ulimi si hatari vilevile? Kilifi hiyohiyo inajulikana kwa mauaji ya wazee waliosingiziwa uchawi. Mvi na macho mekundu vimewatosha wauaji kuwa ushahidi. Anayesema kwamba kila tetesi isikilizwe amesahau kwamba tetesi ina makaburi yake. Pingamizi hili ni la haki, lakini likichunguzwa linazidi kuiimarisha hoja. Nyuma ya panga lililomwangukia mzee mara nyingi yupo mpiga ramli aliyetaja jina. Wenye panga hukamatwa. Aliyetaja jina hurudi nyumbani kwake, kwa kuwa yeye hakumgusa mtu. Serikali ya Tanzania ilipowapiga marufuku wapiga ramli Januari 2015, baada ya mauaji ya miaka mingi ya watu wenye ualbino, ilikuwa imekiri kwamba neno la mganga ni tendo. Kwa hiyo fununu si tiba ya kimya. Vyote viwili humea pale ambapo hakuna baraza: pasipo na mahali pa kuuliza kwa utaratibu, watu hunong'ona, au huua. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), anajua njia ya tatu. Akikabiliwa na maiti penye mzimu, hauachi mzimu ujibu. Anawatafuta watu wajibu.

Inabaki Kinjeketile, anayelitatiza suala hili zaidi ya Jero na Tartuffe wakiwa pamoja. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein (1969) mganga wa Ngarambe anawapa watu maji na neno, kisha anaona neno limemponyoka na kuwa mali ya waliolipokea. Anashikwa na shaka. Anawataka wasubiri kabla ya kupigana; hawasubiri. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa atamke kwamba maji yale yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa kukana maji mbele ya mtawala kungekuwa kuwakana waliofufuka kwa ajili ya uhuru wao. Je, naye si mganga anayenyamaza juu ya dawa iliyowaua watu? Wahakiki wa siasa za ukombozi wamelijibu swali hili upesi mno, kana kwamba ushujaa hufuta deni.

Jibu la makala haya ni la tahadhari zaidi. Kimya cha Kinjeketile kinatofautiana na kimya cha chumba cha Abadiânia kwa mambo mawili ambayo Hussein anayaonyesha jukwaani. Shaka yake hakuificha kwa watu wake; alikubali kuulizwa nao hata walipokuwa hawataki kuuliza. Na gharama ya kukataa kwake kukana inaangukia mwili wake mwenyewe, mbele ya mjeledi. Mganga wa kujitawaza hufanya kinyume katika yote mawili: humkataza mgonjwa kushuku, kisha kimya kinachomlinda yeye humlipisha mgonjwa. Hata hivyo tofauti hiyo haimsafishi Kinjeketile moja kwa moja. Walioikimbilia bunduki wakiamini maji hawakupata nafasi ya kudai, na Wajerumani hawakuwa baraza halali la kumhoji kwa niaba yao. Swali lililostahili kuulizwa na wajane wa Majimaji liliulizwa na adui, kwa nia nyingine kabisa, na kwa hiyo halikuweza kujibiwa kwa ukweli.

Riwaya ya Kiswahili ina waganga wengi. Waganga hao wana tunguri, wana ulimi mtamu, wana vichekesho vyao, na waandishi wetu huwachora kwa ustadi. Ni nadra zaidi kumkuta mgonjwa anayesimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, yale aliyofanyiwa mlango ulipofungwa, bila ya mtunzi kumwandalia mwerevu wa kumcheka au mpelelezi wa kumwokoa. Nyimbo alizozichunguza Topan zilimpa mgonjwa kinywa zaidi ya nusu karne iliyopita, na zilimpa hadhira iliyokaa hadi usiku mkubwa kumsikiliza, ingawa ilibidi aseme kwa jina la pepo.